Draiva ya kizalishi cha namba nasibu kwenye bodi ya ARM: kwenye quality niandike ngapi?

mwana_makorora

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nipo Tanga mjini. Natafuta mtu aliyewahi kuandika draiva ya kerneli ya Linux, hasa upande wa hw_random (sehemu ya kerneli inayoshughulikia vizalishi vya namba nasibu), anisaidie kabla sijaenda mbali.

Nina visanduku vidogo vilivyofungwa kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, kuanzia Pongwe, Muheza, mpaka kule juu Amani. Kila kisanduku kimeunganishwa na mizani. Mfugaji akifika asubuhi na dumu lake, karani anaingiza namba yake, mizani inasoma uzito, na kumbukumbu inakwenda kwenye seva mjini kwa laini ya simu, ikilindwa na TLS (njia ya kusimba mawasiliano). Mwisho wa mwezi mfugaji analipwa kwa kumbukumbu hizohizo. Mtu akiweza kujifanya yeye ndiye kisanduku cha Muheza, ameshatia mkono kwenye mfuko wa mama mwenye ng'ombe wawili. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kisanduku kinawaka kutoka kwenye kadi ya SD ambayo ni ya kusoma tu, hakina saa yenye betri, hakina kibodi wala diski. Umeme ukikatika na kurudi alfajiri, ujumbe wa `random: crng init done`, yaani kerneli imeshapata unasibu wa kutosha, unachukua zaidi ya dakika nzima kutokea, na huduma ya kutuma kumbukumbu inaning'inia hapo ikiusubiri. Nje watu wamepanga mstari na maziwa hayangoji.

Ndani ya chipu kuna kizalishi cha namba nasibu. Mwongozo wake unaonyesha rejista tatu: ya kudhibiti, ya hali, na ya data. Kerneli ya zamani iliyokuja na bodi ilikuwa na moduli yake bila msimbo wa chanzo. Nimehamia Linux 6.6 ya kawaida na huko hakuna draiva ya chipu hii, kwa hiyo nimeanza kuandika yangu. Imeshakubali kujengwa, `/dev/hwrng` inaonekana na inatoa baiti.

Maswali yangu ni haya. Kwenye `struct hwrng` kuna kipengele cha `quality`. Niweke ngapi, au niache wazi? Mwongozo unasema kizalishi kinahitaji muda wa "kupasha moto" baada ya kuwashwa; hilo nilishughulikie wapi? Na jambo la tatu: visanduku viwili nimekuta vina ufunguo uleule wa SSH, ule unaokitambulisha kisanduku mtu akiingia kwa mbali. Je, hili nalo linatokana na upungufu wa unasibu?

---

fundi_chumbageni

Mkuu, hiyo kazi ya draiva utajichosha bure. Weka haveged, programu ya kujaza unasibu, iwashe mwanzoni kabisa mwa kuwaka kwa mfumo, dakika moja inageuka sekunde. Mimi nimeifunga kwenye ruta kadhaa na mambo yanakwenda.

---

mzee_sahare

Marahaba mwanangu. Nimekaa na vifaa vya mawasiliano maisha yangu yote ya kazi, na nafurahi kuona kijana wa hapa nyumbani anashika kerneli kwa mikono yake. Endelea na draiva.

Kwanza nianze na swali lako la tatu, maana ndilo linalotisha zaidi na pengine halihusiani kabisa na draiva. Kwenye 6.6, programu ikiomba namba kwa `getrandom()`, kerneli haimjibu mtu mpaka hazina yake ya unasibu iwe imejaa biti 256 za mwanzo. Ndiyo maana huduma yako inaning'inia: inalindwa. Sasa kama ufunguo wa SSH ungetengenezwa ndani ya kila kisanduku kwa njia hiyo, kufanana kungekuwa muujiza. Dhana yangu ni kwamba ufunguo ulishakuwemo ndani ya imeji, ile nakala ya mfumo mzima, kabla hujanakili kwenye kadi. Pita kila kituo na hii:

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

Vikifanana vyote, jibu umelipata, na hakuna draiva duniani itakayotibu hilo. Futa `ssh_host_*` zote kwenye imeji, futa na mbegu iliyohifadhiwa (`/var/lib/systemd/random-seed`), na `/etc/machine-id` iache tupu. Halafu tenga sehemu ndogo ya kadi inayoandikika, ili kila kisanduku kitengeneze funguo zake chenyewe siku ya kwanza na kuzitunza hapo. Na ufunguo wa TLS uutazame kwa jicho hilohilo.

Hata hivyo, uliposhuku unasibu hukushuku bure. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikusanya funguo za umma kutoka intaneti nzima na wakakokotoa funguo za siri za asilimia 0.50 ya vifaa vyenye TLS. Hawakuvunja hesabu ya RSA, aina ya ufunguo unaojengwa kwa namba tasa mbili kubwa. Walikuta vifaa vingi, hasa ruta na visanduku vidogo visivyo na kibodi kama hivi vyako, vinatengeneza ufunguo dakika za kwanza za uhai wao, vikiwa bado vinafanana kama pacha. Viwili vinachagua namba tasa ya kwanza ileile. Hadi vinafika kwenye ya pili, vimeshatofautiana kidogo. Ukichukua funguo zao mbili za umma na kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, namba tasa ile inajitokeza, na funguo zote mbili zimekwisha. Hesabu ya kidato cha kwanza. Kerneli imebadilika sana tangu hapo, lakini mazingira ya vituo vyako hayajabadilika.

Ndugu yangu wa Chumbageni, haveged ilifaa sana zamani. Lakini kumbuka inachukua nini: tofauti ndogondogo za muda wa CPU. Tangu Linux 5.4 ya mwaka 2019 kerneli yenyewe ina njia inayofanana na hiyo, na hujaribu kuitumia pale programu inapongojea. Kama kaunta ya muda kwenye chipu ni ya polepole, wote wawili, kerneli na haveged, wanachota kwenye kisima kimoja chenye maji haba. Haveged itakuambia imejaza, na huna namna ya kujua kama imejaza kweli. Kijana ana kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyohiyo ndani ya chipu. Akitumie.

Sasa draiva. Kwanza soma `drivers/char/hw_random/meson-rng.c`, ni fupi na njia yake rahisi inasoma rejista moja na kurudisha baiti 4. Kisha soma `bcm2835-rng.c`, ya chipu za Raspberry Pi za mwanzo, maana hiyo ina jambo lako la kupasha moto: huandika 0x40000 kwenye rejista ya hali ili namba za mwanzo zitupwe, na maelezo ndani ya msimbo yanasema wazi kwamba hizo za mwanzo unasibu wake ni pungufu. Hilo lifanyie ndani ya `init`. Kerneli huita `init` pale draiva yako inapochaguliwa kutumika, na `cleanup` inapoachwa. Kwa hiyo kuwasha saa ya kizalishi, kusubiri kipate moto na kutupa za mwanzo, vyote viwe kwenye `init`, na kuzima kuwe kwenye `cleanup`. Kwenye `probe`, inayoitwa kerneli inapokitambua kifaa, baki na kuomba anwani za rejista na kusajili kwa `devm_hwrng_register()`.

Moyo wa draiva ni `read`. Mimi ningeiandika hivi:

```
static int kz_read(struct hwrng *rng, void *buf,
                   size_t max, bool wait)
{
    struct kz *k = container_of(rng, struct kz, rng);
    u32 *out = buf;
    size_t n = 0;
    u32 st;

    while (n + 4 <= max) {
        if (wait)
            readl_poll_timeout(k->base + KZ_STAT, st,
                    st & (KZ_TAYARI | KZ_KOSA),
                    100, 100000);
        else
            st = readl(k->base + KZ_STAT);

        if (st & KZ_KOSA)
            return -EIO;
        if (!(st & KZ_TAYARI))
            break;

        *out++ = readl(k->base + KZ_DATA);
        n += 4;
    }
    return n;
}
```

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, biti ya kosa inatazamwa kila neno, na ikipanda natupa hata maneno yaliyokwisha kusomwa. Hatujui kosa lilianza lini. La pili, data isipokuwa tayari sisomi rejista ya data. Vizalishi vingi ukivisoma mapema vinakupa neno lilelile la mwisho, au sifuri, na hakuna atakayepiga kelele. Draiva inayorudisha baiti pungufu ni draiva nzuri. Draiva inayojaza nafasi kwa chochote kilichopo ndiyo inayoumiza watu, tena kimyakimya.

Usidhani vifaa vya wakubwa vimesalimika. Mwaka 2019 kulikuwa na chipu za kompyuta za AMD Ryzen 3000 ambazo maagizo ya RDRAND, ya kuomba namba nasibu, yalirudisha biti zote moja, kila ukiuliza, huku yakisema kazi imefanikiwa. Kompyuta nyingine zilishindwa kuwaka mpaka programu ya bodi iliposahihishwa.

Tuje kwenye `quality`, na hapa naomba usome polepole. Namba hiyo ni ahadi. Unaiambia kerneli: katika kila biti 1024 ninazokupa, hizi ndizo ambazo adui hawezi kuzibashiri. Uzi wa kerneli unaoitwa hwrng huchukua data yako, huzidisha na ahadi yako, na kwa hesabu hiyo huamua lini hazina imejaa na lini watu waruhusiwe kutengeneza funguo. Ukiahidi kubwa kuliko ulichonacho, kerneli itafungua mlango mapema, na ufunguo dhaifu utatoka ukiwa na sura ya ufunguo mzuri.

Na kuacha wazi si kukaa kando. Kwenye kerneli za kabla ya 6.2, draiva iliyoacha sifuri haikutumiwa na uzi huo kujaza hazina mpaka msimamizi aagize. Kuanzia 6.2, sifuri maana yake ni kiwango cha juu, 1024 kamili. Mstari uleule ambao haukuandikwa, maana mbili zinazopingana. Wewe upo 6.6. Ukiacha wazi umeapa kwamba kila biti ni safi.

Kama mwongozo hautaji entropi ya kizalishi, yaani kiasi cha unasibu wake halisi, mimi ningeandika 100. Usiogope kwamba itachelewesha. Kwenye ARM yako uzi ule huenda ukasoma baiti 64 kwa mkupuo, yaani biti 512. Kwa ahadi ya 100 katika 1024, kila mkupuo unahesabiwa biti 50. Zinahitajika 256, basi ni mikupuo sita. Hata kizalishi cha polepole kinamaliza hiyo kabla karani hajafungua kufuli la mlango. Ukadiriaji wa chini haukugharimu kitu, na wa juu unagharimu kila kitu.

Usishawishike na vipimo pekee. Utaendesha `rngtest -c 1000 < /dev/hwrng`, nayo itakata vipande 1000 vya biti 20,000 na kuvipima kwa masharti ya FIPS 140-2, kiwango cha serikali ya Marekani. Kikianguka kimoja au viwili ni kawaida. Vikianguka mia, kuna tatizo. Lakini vikifaulu vyote bado hujajua. Wewe upo kwenye maziwa: laktomita inapima uzito wa maziwa kwa ujazo, na aliyetia maji akaongeza na sukari anaweza kupita. Kaunta ya 1, 2, 3, 4 iliyopitishwa kwenye usimbaji wa AES itafaulu rngtest vizuri kabisa, na mwenye ufunguo wa AES anajua kila biti ijayo.

---

binti_pangani

Mzee wangu shikamoo. Nakubaliana nawe kila neno kwenye quality, naomba niongeze upande wa kupima, maana ndipo watu wengi huishia kwenye rngtest.

Kaka, rudi kwenye mwongozo utafute kama chipu inakupa data mbichi au iliyokwisha kuchakatwa. Chipu nyingi zina vizungushi vya mawimbi vinavyotoa kelele, halafu kelele hiyo hupitishwa kwenye kichakato cha ndani kabla ya kufika kwenye rejista. Ukipima baada ya kichakato unapima uzuri wa kichakato. NIST SP 800-90B, waraka wa taasisi ya viwango ya Marekani, toleo la 2018, inataka makadirio ya entropi yafanywe kwenye kelele mbichi, sampuli zisizopungua milioni moja. Kama rejista ya kudhibiti ina biti ya kuruka kichakato, iwashe wakati wa kupima tu, kusanya sampuli, uziendeshe kwenye `ea_non_iid`, zana ya NIST yenyewe ambayo msimbo wake uko wazi. Ikikupa makadirio ya chini kuliko 100 katika 1024, fuata ya chini.

Waraka huohuo unataka jaribio la kuwasha upya: washa mara 1000, kila mara chukua sampuli 1000 za mwanzo, uzipange kama jedwali na kutazama mistari na safu. Kwa mazingira yako hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote, kwa sababu visanduku vyako kazi yao kubwa ni kuzimika na kuwaka. Weka rilei ikate umeme kabisa. Kuwasha upya kwa programu hakutoshi, maana rejista zinaweza kubaki na hali ya zamani.

Na kuna jambo la umeme. Mwaka 2009 Theo Markettos na Simon Moore wa Cambridge walionyesha kwamba ukiingiza wimbi dogo kwenye njia ya umeme wa chipu, vizungushi vyake vinaweza kufungamana na kuanza kwenda pamoja, na unasibu ukaporomoka. Wao walifanya kama washambuliaji. Kituo cha maziwa kina tangi la kupozea lenye kompresa, na aghlabu kisanduku kimechomekwa ukuta uleule. Pima kompresa ikiwa imelala, ikiwa inaunguruma, na hasa pale inapoanza.

Kama chipu haina ukaguzi wake wa ndani, andika jaribio la marudio ndani ya draiva, ni mistari michache. Ukiamini kuna biti 3 za entropi kwa kila neno la biti 32, na ukakubali kengele ya uongo kwa uwezekano wa 2 kwa kipeo cha hasi 30, basi neno moja likijirudia mara 11 mfululizo, rudisha `-EIO`, yaani kosa la kifaa. Hesabu yake ni 30 gawanya kwa 3, jumlisha 1.

---

mwana_makorora

Mzee wangu na dada, nimewasoma zaidi ya mara moja. Asanteni kwa moyo wenu.

Funguo za SSH: mzee ulisema kweli, visanduku vyote vina ufunguo mmoja, pamoja na vile vya Amani ambavyo sikuwa nimevishuku. Imeji ilikuja na funguo ndani yake. Nimetengeneza imeji mpya bila funguo, bila mbegu, na nimetenga sehemu inayoandikika. Funguo za TLS pia nabadilisha zote, na vyeti vya zamani nimevifuta kwenye seva.

Kizalishi: biti ya kuruka kichakato ipo. Nilichukua data mbichi kutoka bodi mbili zilizokatiwa umeme kabisa, nikazilaza kando kwa kando. Maneno ya mwanzo yanafanana bodi zote mbili, yanaanza kuachana kadiri kizalishi kinavyopata moto, na baada ya kaunta ya mwongozo kuisha hayana uhusiano ninaouona. Mtu angesajili draiva bila kusubiri, funguo za bodi zote mbili zingeanzia kwenye mchanga uleule. Nimeweka kusubiri na kutupa ndani ya `init`, na nimeongeza muda juu ya ule wa mwongozo. `quality` ni 100. `crng init done` sasa inatokea kabla mtandao haujapanda.

Lililobaki ni kompresa. Inapoanza, biti ya kosa inapanda, kisha inashuka. `read` inarudisha `-EIO`, na naona uzi wa hwrng unalala sekunde kumi ndipo unajaribu tena. Je, niongeze kujaribu upya ndani ya `read` ili isilale?

---

mzee_sahare

Usiongeze. Iache ilale.

Fikiri kinachotokea wakati huo. Kompresa ikianza saa nne asubuhi, hazina imeshajaa tangu alfajiri. Kerneli ina mbegu yake na inatoa namba kwa usimbaji wa ChaCha20 bila kukutegemea wewe sekunde kwa sekunde. Mchango wako wa baadaye ni wa kuburudisha mbegu, ukikosekana sekunde kumi au hata saa nzima hakuna huduma itakayosimama. Pale tu kompresa itakapoanza pamoja na kisanduku, umeme ukirudi kwa vyote viwili kwa mpigo, ndipo sekunde kumi zitaonekana. Na hapo ndipo ninapotaka zaidi zisubiriwe, kwa sababu umeme bado unayumba na ndio muda ambao ufunguo ungetengenezwa.

Ninachokuomba ni kingine. Biti ya kosa ikipanda, usichukulie kwamba kushuka kwake ni kupona. Kizalishi kimetikiswa na huenda kinarudia hali ile ya ubaridi uliyoiona mwanzoni. Weka alama ndani ya `struct` yako. `Read` inayofuata ikiikuta alama hiyo, izime na kuwasha kizalishi, isubiri, itupe za mwanzo, ndipo itoe data. Na kila kosa liandike kwa `dev_warn_ratelimited()`, ili siku moja ukitazama kumbukumbu za kituo ujue kompresa ipi inasumbua. Soma tena mwongozo kama biti hiyo inajifuta kwa kusomwa. Kama inajifuta, basi isome sehemu moja tu katika draiva nzima, vinginevyo mmoja atailamba na mwingine asione kitu.

Halafu hakikisha programu zako hazisomi `/dev/hwrng` moja kwa moja. Mlango ule ni wa kupimia. Funguo zote zipite `getrandom()`, ambako data yako inachanganywa na kila chanzo kingine ilichonacho kerneli. Hata siku kizalishi kikifa, mchanganyiko ule hauharibiki kwa kuongezewa data mbovu; kinachoharibu ni sifa ya uongo kwenye `quality`.

---

fundi_chumbageni

Nimefuatilia uzi huu mpaka hapa. Mzee, kwa zile ruta zangu ambazo chipu zake tayari zina draiva kwenye kerneli, nitajuaje kama inatumika?

---

mzee_sahare

Soma faili mbili, mwanangu: `/sys/class/misc/hw_random/rng_available` itakutajia zilizopo, na `rng_current` itakuambia iliyochaguliwa. Ya pili ikiwa `none`, tazama kama moduli imepakiwa na kama mti wa vifaa, lile faili la .dts linaloieleza kerneli vifaa vilivyopo kwenye bodi, umeitaja kwa `status = "okay"`. Bodi nyingi zinakuja ikiwa `disabled`, na kizalishi kinalala ndani ya chipu miaka yote.

---

binti_pangani

Kaka, ikishatulia usiibakize kwenye flashi yako. Kuna watu wengine wenye chipu hiyo, na kerneli ijayo ikibadilisha kitu utabaki ukiibeba peke yako kila mwaka. Ipeleke kwenye kerneli kuu.

Gawa kazi vipande vitatu kwa mpangilio huu: kwanza maelezo ya mti wa vifaa kwa YAML, yanakaa `Documentation/devicetree/bindings/rng/`, pili draiva pamoja na mistari yake ya Kconfig na Makefile, tatu nyongeza kwenye .dts ya bodi. Ukivichanganya vitarudishwa. Endesha `make dt_binding_check` kwa cha kwanza na `scripts/checkpatch.pl` kwa vyote. `scripts/get_maintainer.pl` itakupa majina ya kuandikia. Upande wa hw_random utakutana na Herbert Xu, na orodha ya barua ni ya linux-crypto. Saini kwa `Signed-off-by` yenye jina unalojulikana nalo, lisiwe la kujificha. Usinakili hata mstari mmoja kutoka ile moduli ya zamani iliyofungwa. Ulivyofanya, kuandika kutoka kwenye mwongozo, ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye barua ya draiva eleza 100 imetoka wapi: makadirio ya zana ya NIST, bodi mbili, umeme uliokatwa, kompresa. Hiyo ndiyo aya watakayoisoma kwa makini kuliko zote.

Mimi nina mashine za BSD, mifumo mingine ya jamii ya Unix, na nitaijaribu upande huo ukinipatia bodi moja. OpenBSD unaweka kipima muda na kuita `enqueue_randomness()` kwa kila neno, basi. NetBSD unaita `rnd_add_data()` na kutaja makadirio ya biti, karibu na ahadi ileile ya quality. FreeBSD tangu toleo la 11 la 2016 inatumia Fortuna, ambayo kwa muundo wake haitegemei makadirio ya entropi. Unajisajili kwa `random_source_register()` na yenyewe inakuja kuchota. Lakini kusubiri kipate moto na kutazama biti ya kosa utaandika kote.

---

mwana_makorora

Dada, bodi moja nitaipeleka kwa basi la Pangani Jumamosi, nikiibandika karatasi ya rejista tatu na picha ya pini za serial. Mzee, alama ya kosa nimeiweka leo na kizalishi kinawashwa upya kama ulivyosema. Nasubiri zamu ya asubuhi Muheza, kompresa ikianza, nione kumbukumbu zinasema nini. Kconfig nimeandika `depends on HAS_IOMEM` pamoja na `COMPILE_TEST` ili watu wasio na chipu hii waweze kuijenga. Rasimu ya YAML nitaibandika hapa kabla sijaituma.